Dawa naimeza, TSH haishuki: kumbe tumbo

Ukitumia levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi ya shingoni (thairoidi), na TSH (kipimo cha damu kinachopanda homoni hiyo ikipungua na kushuka ikizidi) ikagoma kushuka, jiandae kuambiwa unaruka dozi. Mimi nimeambiwa mara tatu, na kila mara dozi ikapandishwa: mikrogramu 100, 125, mwishowe 150. Nina kilo 70, na hesabu ya kawaida ni kama mikrogramu 1.6 kwa kilo, yaani 112 hivi. Nilikuwa nimeshaipita, na TSH bado inasoma 11, wakati kikomo ni kama 4.

Ubishi niliumaliza kwa kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba na daftari. Saa 12 asubuhi kidonge na maji matupu, kisha saa nzima bila chakula wala kahawa. Madini ya chuma na kalsiamu nikayasogeza saa 4 mbele, kwa sababu hung'ang'ania dawa hii na kutoka nayo. Wiki 8 sikuruka hata siku moja. (Kupima kabla ya wiki 6 ni kupoteza damu bure, homoni hii huchukua kama wiki nzima kupungua nusu mwilini.) Jibu: 10.4. Daktari akaacha maswali ya kumbukumbu, akaanza kuuliza habari za kiungulia.

Kidonge hiki huhitaji asidi ya tumbo kiyeyuke vizuri, ndipo kifyonzwe kwenye utumbo mdogo. Hata mwenye tumbo zima huvuna asilimia 60 hadi 80 tu. Sasa bakteria Helicobacter pylori hujichimbia kwenye ute wa tumbo na kutengeneza amonia ya kujikinga. Uvimbe anaousababisha ukienea na kudumu miaka, seli zinazotoa asidi huchakaa. Si kwa kila mtu: wengine asidi huzidi, wakapata vidonda.

Basi nikaenda kupima pumzi. Unapuliza kwenye mfuko, unakunywa yurea yenye kaboni-13, unapuliza tena baada ya kama nusu saa. Bakteria akiwepo huivunja yurea, na kaboni ile hutokea kwenye pumzi. Jibu langu likatoka safi, nikarudi nimevimba kichwa: si niliwaambia sina kitu? Kumbe asubuhi ileile nilikuwa nimemeza omeprazoli ya kiungulia. Dawa hiyo humnyamazisha bakteria bila kumuua, na kipimo kinamkosa. Iachwe wiki 2 kabla ya kupima. Antibayotiki na bismathi (dawa nyingine ya tumbo) wiki 4. Kibaya zaidi, omeprazoli yenyewe hupunguza asidi, kwa hiyo nilikuwa nakizuia kidonge changu kwa mkono wangu, miezi mizima. Niliporudia kwa utaratibu, bakteria huyo hapo.

Matibabu yalikuwa siku 14: omeprazoli, bismathi, na antibayotiki mbili, tetrasaiklini na metronidazoli. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, hasa kazi ya metronidazoli, na choo kinakuwa cheusi, kazi ya bismathi. Kikinata kama lami na kizunguzungu juu, hiyo ni damu, nenda hospitali. Usikatishe ukijisikia nafuu siku ya 5; bakteria anayebaki ndiye anayezoea dawa.

Kuhakikisha amekwisha, subiri angalau wiki 4 baada ya dozi ya mwisho, kisha upime pumzi au choo. Kuna aliyenishauri kipimo cha damu cha kingamwili. Hapana. Kingamwili hubaki muda mrefu hata bakteria akishakufa, utatibiwa ugonjwa usiokuwepo.

Ambalo hakuna aliyenionya ni hili: tumbo likianza kupona, dozi ya 150 inageuka kubwa mno. Moyo ulinidunda usiku, vidole vikatetemeka, usingizi ukapaa, na mimi nikalaumu antibayotiki. TSH ilisoma 0.1. Tukashuka hadi 112, dozi ileile ya hesabu ya mwanzo, na wiki 8 baadaye ikasoma 2.1. Kwa hiyo siku unapopewa dawa za kumuua bakteria, omba papo hapo tarehe ya kupima TSH wiki 6 hadi 8 baada ya kumaliza, na mapigo yakienda mbio kabla ya hapo, usingoje tarehe.