Michuzi ya dunia, chungu cha 9 hadi cha 12: siki, birimbi na mwatiko

Chungu cha 9

Katika mfululizo huu napika michuzi ya nchi mbalimbali, na kila chungu ni jaribio moja. Wiki hii nimeingia Ufilipino, na sidhani kama nitatoka upesi. Vyungu vinane vya mwanzo nilikuwa narukaruka: doro wat ya Ethiopia, pörkölt ya Hungaria, mafé ya Senegali na vingine nilivyokwisha kuviandika. Doro wat ndiyo iliyonifunza kukoroga. Vitunguu zaidi ya kilo, vimekatwa vidogo vidogo, vinapikwa vikavu bila tone la mafuta karibu saa nzima, na mkono hauachi mwiko. Ukiacha tu, vinashika chini. Nikatoka pale naamini kuwa mchuzi ni mkono.

Maelekezo ya adobo, pishi la Kifilipino la nyama kwenye siki, nimeyapata kwa wifi yangu aliyeko Muscat. Anafanya kazi na dada mmoja wa Kifilipino, na kila nikikwama, wifi humuuliza kisha ananirekodia sauti. Vitu vyenyewe ni vichache: kuku mmoja, siki nusu kikombe, sosi ya soya robo kikombe, kichwa kizima cha kitunguu saumu, pilipili manga nzima, na majani wanayoyaita laurel. Hayo majani sikuyapata sokoni Darajani, nikatia matatu ya mdalasini. Hamna nyanya wala bizari.

Nikatia vyote pamoja, nikafunika, na kila nikipita nakoroga kama nilivyozoea. Kuku akaiva vizuri, lakini mchuzi unakwaruza koo. Mama alionja kijiko kimoja akaniuliza, "Mwanangu, hii achari au kitoweo?" Nikampelekea wifi habari zote. Jibu likarudi usiku uleule: siki ikishaingia, usiiguse mpaka ichemke, na usifunike.

Chungu cha 10

Kuku yuleyule, vipimo vilevile. Safari hii nilimtia siki mwishoni, nikauweka mwiko juu ya meza, nikavuta kibao nikakaa. Mvuke wa mwanzo ulichoma pua hadi nikafungua dirisha. Baada ya dakika kama kumi za kutokota bila kifuniko, harufu ikageuka: ule ukali wa chupa ukaondoka, ukabaki uchachu mtamu uliochanganyika na kitunguu saumu. Hapo ndipo nilipopitisha mwiko kwa mara ya kwanza. Mwishoni nikawatoa kuku, nikawakaanga kidogo kwenye mafuta yao wapate rangi, nikawarudisha kwenye mchuzi uliokwisha kuwa mzito na mweusi.

Sisi kijiko cha kukorogea tunakiita mwiko, na jambo lisilofanywa tunaliita mwiko. Kwenye adobo maneno haya mawili yamekutana chungu kimoja.

Adobo ni neno la Kihispania, lakini pishi lenyewe si la Wahispania. Mwaka 1613 padri Pedro de San Buenaventura alipochapisha kamusi yake ya Kitagalog, lugha mojawapo ya Ufilipino, aliliita adobo ya wenyeji, kwa sababu aliwakuta watu tayari wanapika nyama kwa siki ili isiharibike kwenye joto. Sosi ya soya ililetwa na biashara ya Wachina. Kabla yake ilikuwa siki na chumvi, na wapo wanaopika hivyo hadi leo, mchuzi mweupe, wakauita adobong puti. Nami kipande kimoja nimekiacha hadi kesho yake nijaribu. Kilikuwa kitamu kuliko siku ya kupikwa, siki imeingia hadi kwenye mfupa.

Siki yao nyingi hutoka kwenye tubâ, na tubâ ni tembo la mnazi. Linagemwa vilevile, juu kwenye kigomba, na likiachwa likachacha siku nyingi linakuwa siki. Chungu kijacho cha adobo nitatafuta siki hiyo, niiache ya dukani.

Chungu cha 11

Hiki nakiandika kwa furaha kubwa. Sinigang ni mchuzi wa uchachu: samaki, kamba au nyama inachemshwa pamoja na mboga, na tunda chachu ndilo linaloubeba mchuzi wote. Mara nyingi ni ukwaju, wao husema sampalok. Lakini yule dada akataja pia kamias, akatuma na picha. Nilipoifungua nikacheka peke yangu jikoni. Ni birimbi! Birimbi hizihizi zinazoanguka chini ya mti nyuma ya nyumba ya shangazi, tunazotilia achari na mchuzi wa samaki, na nyingine zinaozea chini hakuna anayeziokota.

Samaki wao mashuhuri wa pishi hili ni bangus. Nikatafuta bangus ni nani kwetu, nikakuta ni mwatiko. Huko wanamfuga kwenye mabwawa kwa wingi, na hapa pia wapo wafugaji. Basi nikaenda sokoni na orodha ya kigeni, nikarudi na kapu la vitu vya nyumbani: mwatiko mmoja mkubwa, birimbi kumi na tano, jimbi moja, figili, bamia, fungu la matembele na pilipili mbichi ndefu.

Maji si ya bomba. Unaosha mchele mara ya kwanza unamwaga, unaosha mara ya pili, yale maji meupe ndiyo ya mchuzi. Nilichemsha birimbi ndani yake hadi zikalainika, nikazitoa, nikaziponda kwa mchi mdogo, nikazichuja nikarudisha juisi. Jimbi likaingia mapema ili livunjike kidogo na kuupa mchuzi uzito, kisha figili, bamia, samaki, na matembele mwisho kabisa, moto umeshazimwa. Chumvi nikaongeza badala ya patis, maji ya samaki wa chumvi wanayotumia wao.

Mama mkwe alikuwepo siku hiyo. Akatazama sufuria, rangi ya maji ya mchele, akasema, "Huu hauna bizari wala nazi, mama. Utatupa nguvu kweli?" Akanywa bakuli, akaomba la pili, akalitilia wali ndani. Tatizo letu lilikuwa miiba. Mwatiko ana miiba myembamba yenye panda, imejificha ndani ya nyama yenyewe, na watoto ilibidi niwachambulie kipande kwa kipande kwenye taa. Wifi anasema Ufilipino anauzwa ameshatolewa miiba yote kwa kibano. Hiyo ni kazi ya heshima, na natamani kuona mtu akiifanya.

Chungu cha 12

Laing, ya mkoa wa Bicol. Majani ya majimbi kwenye tui la nazi, na uduvi. Hapa nimeshindwa nusu. Majani yanatakiwa yawe makavu, nami nilianika siku moja tu, mvua ikaja. Nikayatia hivyohivyo kwenye tui jepesi, na nikajisahau nikakoroga. Nusu saa baadaye midomo inawasha. Majani ya majimbi yana chembechembe kali zinazochoma, ndiyo maana wapishi wa huko wanayazamisha kwenye tui na kuyaacha yaive yenyewe kwa moto mdogo. Nikarudisha jikoni nusu saa nyingine, muwasho ukaisha.

Hatua ya mwisho nilikuwa naijua kabla sijaambiwa. Tui la kwanza, wao huliita kakang gata, linaingia mwishoni, na chungu kinabaki motoni hadi mafuta yaelee juu. Sikusubiri maelekezo ya Muscat. Nikatazama tu mafuta, kama mama anavyotazama.

Majani mapya yako juu ya ungo tangu jana, chini ya kipaa, yakikauka nitarudia. Na cha 13 kitakuwa kare-kare, mkia wa ng'ombe kwenye karanga za kusaga na mchele uliokaangwa ukapondwa. Rangi yake nyekundu hutoka kwenye mbegu za atsuete, ambazo ni zingefuri. Jirani yetu ana mti wake uani, watoto hujipaka midomoni. Nimeshamwomba kikombe kimoja.