Kisima cha Aniwa

Somo: Yohana 4:5–15

Yule mwanamke Msamaria alianza na hoja ya mtekaji: "Bwana, huna kitu cha kutekea, na kisima ni kirefu." Wapendwa, wiki hii tukae na mmisionari aliyeujua urefu wa kisima kwa mgongo wake.

John Paton wa Scotland alifika kisiwa cha Tanna, katika nchi inayoitwa leo Vanuatu, Novemba 1858. Nyumba akaijenga bondeni karibu na ufuko, penye homa. Machi 1859 akamzika mkewe Mary, kisha mtoto wao wa siku 36. Kaburi alilichimba mwenyewe. Mzee mmoja wa pale ndiye aliyemshauri alale juu, upepo unakopita. Mwenyeji alijua, mgeni hakuuliza mapema. Mwaka 1862 ikambidi aikimbie Tanna. Mwaka 1866, akiwa na Margaret, mke wake wa pili, akatua kisiwa jirani cha Aniwa.

Aniwa ni kisiwa kidogo cha matumbawe, hakina mlima wa kuvuta mawingu wala kijito. Kiangazi watu walikata kiu kwa dafu na miwa. Paton akaanza kuchimba kisima kwa sururu, sepetu na mtaimbo. Chifu Namakei akadhani mgeni amerukwa na akili: nani amewahi kuona mvua ikitoka ardhini?

Wasaidizi aliwalipa ndoana moja ya samaki kwa kila ndoo tatu za udongo. Walipofika futi 12, kuta zikaporomoka jioni, shimoni hamna mtu. Kuta za shimo lisilojengewa ndivyo zilivyo. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kushuka tena. Akafunga kapi juu ya shimo, yeye akichimba chini peke yake, wao wakivuta ndoo kila alipogonga kengele.

Kwenye futi 30 hivi udongo ukawa na unyevu. Hofu yake ilikuwa chumvi, na ilikuwa na msingi: katika kisiwa cha namna hii maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na ukipita tabaka hilo umeharibu kazi. Akaonja. Matamu.

Juu, watu walishikana mikono kwa mstari ili wa mbele achungulie asitumbukie. Namakei aliutikisa mtungi wa maji aliopanda nao Paton, aone kama yatamwagika, akayagusa, akayaonja, akayashika kinywani kidogo, ndipo akapaza sauti: "Mvua!"

Wengi husimulia kilio hicho kama mshangao wa mtu asiyejua. Lakini chifu alisema kweli tupu. Yale maji yalikuwa mvua, ile ile iliyowanyeshea babu zake, ikapenya matumbawe na kungoja chini ya nyayo zao.

Jumapili iliyofuata Namakei alihubiri mwenyewe, shoka mkononi: kama mvua isiyoonekana ilikuwepo chini, basi Yehova asiyeonekana yupo. Watu wakaanza kuleta sanamu zao. Vijiji vingine vikajaribu kuchimba visima sita au saba, vikakuta mwamba au chumvi, watu wakarudi kuteka kile kimoja.

Tarehe 24 Oktoba 1869, watu 12 wa Aniwa walikaribia Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza.