Siku moja kazini: mimi, vipimajoto, na goti la mzee jirani

Saa 11 na nusu alfajiri nshafika kituoni. Nikisema nafanya kazi ya hali ya hewa watu wanadhani mimi ni yule wa kwenye tivii anayepitisha mkono kwenye ramani, hapana jamani, mimi ni yule anayekanyaga umande kila saa na daftari lake kwenda kusoma vipimo. Kile kibanda cheupe cha mbao mnachopita mkisema ni mzinga wa nyuki, ndo ofisi yangu hiyo.

Saa 12 nimesoma, saa 1 nimesoma, saa 2 hivyohivyo, joto, upepo, mawingu, mgandamizo wa hewa, natuma.

Saa 3 ndo tunapima mvua ya masaa 24. Nimeinama kwenye kipimamvua, kikavu kabisa, nasikia kwenye fensi "Binti!" Nikajua leo imekula kwangu.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Andika mvua. Goti halijanilaza."

Alikuwa mbeba mizigo bandarini huyu, goti la kushoto liliumia hukohuko, na kwake hilo goti ni kituo kamili cha hali ya hewa. Nikamwambia mzee mimi naandika iliyonyesha, siyo itakayonyesha. "Ndo shida yenu, mnaandika matanga." Akaanza na Elninyo ya 1997, goti lilivyomwambia mapema akahamisha kuku, nani alimsikiliza, nusu saa nzima nimeshika chupa ya kupimia mkononi na taarifa ya saa 3 haijatumwa.

Sa ukweli ni kwamba tangu Machi utabiri wake nauandika nyuma ya daftari langu. Anakosa mara nyingi kuliko anavyopata, ila siku akikosa haji fensini, kwa hiyo kichwani mwake hajawahi kukosa. Na sisemi ni muongo, maumivu anayo, na kuna watafiti Uingereza walifuatilia watu zaidi ya elfu mbili wenye maumivu ya kudumu, 2019 wakatoa majibu kwamba uhusiano na hali ya hewa upo, ila mdogo. Wengine huko nyuma, 1996, walifuatilia wagonjwa 18 wa baridi yabisi kwa miezi 15 wasione kitu.

Kinachonisumbua mimi ni barometa, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa. Watu wanasema mgandamizo ukishuka viungo vinauma. Sawa, lakini huku kwetu kwenye joto mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo, saa 4 asubuhi uko juu, saa 10 jioni uko chini. Leo saa 4 nimesoma 1013.4. Basi lingekuwa goti linasoma mgandamizo lingemuuma kila jioni!

Mchana sijui ulienda wapi. Mwenzangu anaumwa nikaunganisha na shifti yake, jua linachoma, kitambaa cha kile kipimajoto cha kupimia unyevu wa hewa, ambacho lazima kiwe kimelowa, kimekauka nikaongeza maji, wali nimeula umepoa nimesimama, na kiuno changu sasa kinauma, ila hicho hakitabiri kitu, ni kuinama tu.

Saa 10, 1010.1. Imeshuka zaidi ya tatu. Nikatoka mpaka getini, mzee yuko chini ya mwembe anacheza bao.

"Mzee, goti likoje?"
"Limetulia kabisa."

Nikarudi ndani nacheka peke yangu, nikaliandika hilo nyuma ya daftari na kulipigia mstari.

Halafu ikawa saa ngapi sijui, kumi na moja na kitu, wingu likatoka baharini, matone kama ishirini hivi yakapiga bati, pah pah, yakaisha. Nikaenda kuangalia: chini ya chupa unyevu tu, haufiki hata mstari wa kwanza. Sheria ni kwamba hata hiyo inaandikwa, mvua isiyopimika.

"Binti! Umeandika?"
"Nimeandika mzee."
"Andika na saa."