Mifupa Yangu Yote Itasema

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Wiki hii maneno yamenikaukia. Napiga magoti, nasema Baba katika jina la Yesu, halafu kimya, akili ishakimbilia kwenye hela ya dawa na zamu ya nani kulala na mama mkubwa usiku. Wenye mgonjwa nyumbani mnanielewa.

Sasa nikiwa kwenye hali hiyo ndo ikazunguka ile klipu ya Wayahudi kule Yerusalemu, kwenye Ukuta wa Magharibi, wanasali huku wanayumba mbele nyuma mbele nyuma, na wapendwa wengi mkacheka, mmoja wetu akauliza hawa wamepandisha nini. Mi likanishika, nikakaa nafuatilia kwanini wanafanya vile.

Maelezo niliyoyapenda zaidi ni ya Yehuda Halevi, mshairi na mwalimu wa Kiyahudi wa Hispania, aliyeandika yapata mwaka 1140. Kwenye kitabu chake kuna mfalme anamuuliza rabi, mbona nyie mkisoma maandiko mnayumba? Rabi anamjibu jibu la kawaida kabisa, kwamba vitabu vilikuwa haba, watu kumi au zaidi wanazunguka kitabu kimoja kimewekwa chini, huyu anainama anasoma kidogo, anainuka, mwenzake naye anainama, ikaendelea hivyo mpaka ikawa mazoea, na wengine wakaiga kwa kuona tu. Basi! Hakuna malaika wala moto, ni shida ya vitabu. Waliokulia pwani jirani na madrasa wameshaona watoto wanavyoyumba wakisoma Kurani, hawawezi kushangaa sana hili.

Ila Wayahudi wengine waliona kuna kitu zaidi ya hapo. Kitabu cha Zohari, kitabu chao cha mafumbo ya kiroho cha karne ya 13, kinasema roho ya Mwisraeli ni kama mwali wa mshumaa, haitulii, maana Mithali 20:27 inaita pumzi ya mwanadamu taa ya Bwana. Halafu karne ya 16 kule Krakow, Poland, rabi Moshe Isserles akaandika kwamba ni desturi kuyumba wakisoma Torati kwa sababu ilitolewa Sinai kwa kutetemeka, na wakisali kwa sababu ya Zaburi 35:10.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kwenye ile sala yao kuu ya kusimama, Amida, wanabana miguu pamoja kama viumbe wale wa Ezekieli sura ya 1, wakimaliza wanarudi nyuma hatua tatu kama mtu anayetoka mbele ya mfalme, na wakifika Mtakatifu Mtakatifu Mtakatifu ya Isaya 6 wanajiinua kwa vidole vya miguu mara tatu, kama maserafi wanaotaka kuruka. Tamu sana lakini siyo ninachotaka kukaa nacho leo.

Nataka kukaa na hiyo Zaburi 35:10. "Mifupa yangu yote itasema, Bwana, ni nani aliye kama Wewe?" Jamani, mifupa! Daudi hasemi mdomo wangu. Kuna siku mdomo hauna kitu, au hauwezi kabisa, na bado Mungu anastahili sifa zake.

Mama mkubwa kiharusi kimemchukua upande wa kulia pamoja na maneno. Na yeye ndo alikuwa muombaji wa ukoo, mkimpa afunge kwa sala ugali unapoa. Siku hizi tukisema tuombe, anaushika ule mkono wa kulia uliolala juu ya khanga, anaunyanyua kwa mkono wa kushoto, anaulaza kifuani, halafu anafumba macho. Asipomaliza hilo hatuanzi, tunamsubiri. Juzi nikiwa pembeni ya kitanda nimeishiwa maneno, mi niliye mzima na ulimi wangu, namwangalia anavyouhangaikia ule mkono, nikaona huyu keshaanza kuomba kabla yetu sote. Warumi 8:26 tunaikariri kila siku, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, basi kama hakutamkiki tunadhani kunapitia wapi kama siyo kwenye huu mwili, kwenye mgongo ulioinama na machozi na mkono wa kubebwa na mwenzake? Mpendwa uliyekaukiwa, usikimbie magoti kwa sababu huna maneno. Nenda hivyo hivyo. Piga magoti ukae, au simama unyooshe mikono, hata kama hakuna kinachotoka. Mungu aliyeiumba hiyo mifupa anajua inasema nini.

Na hapa niseme neno kwa tuliocheka, msinichukie. Hana alipoomba pale Shilo midomo ikacheza bila sauti, kuhani Eli akamwona mlevi. Kuhani mzima! Mkesha wa mwezi uliopita nimesikia kwa masikio yangu dada mmoja ananong'onwa eti anajitupa chini anatafuta mume, na hakuna aliyejua kwamba kazika mtoto. Baal Shem Tov, mwalimu wa Wahasidi, kundi la uamsho la Kiyahudi, aliyefariki 1760, wanafunzi wake walihifadhi fundisho lake kwamba mtu anayezama mtoni akirusha mikono ajiokoe, hakuna anayesimama ukingoni kumcheka, basi na anayetikisika kwenye sala msimcheke. Wazee wetu walishasema, mfa maji haishi kutapatapa. Tuacheni ukuhani wa Eli.

Na wewe unayejirusha zaidi ukiona kamera inakuja upande wako, nawe sikia. Rabi Akiva, wanasimulia kwenye Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi wa kale, akisali na watu alikuwa anafupisha asiwachoshe, ila akisali peke yake unamwacha kona hii unamkuta kona ile kwa kuinama na kusujudu kwingi. Sisi wengi wetu ni kinyume chake.

Sisemi tuanze kuyumba kama Wayahudi, maana kuna watu wakisikia Yerusalemu tu wanakimbilia kununua baragumu. Nasema mwili wako uje nao kwenye maombi, usiuache kitandani na simu.

Alhamisi saa 11 jioni tunaombea kwetu, karibuni. Mikeka ipo, wenye magoti mabovu kuna viti vya plastiki, na atakayekuja bila maneno aje tu akae na mama mkubwa.