Mkishapima ziwa letu, majibu yaleteni mwaloni

Huku Kigoma watu wakisikia kuna shirika linafanya utafiti Ziwa Tanganyika wanajua moja tu, wamekuja na vipimo vyao, watajaza makaratasi, wataondoka. Mjomba wangu anayevua dagaa pale Kibirizi, moja ya mialo yetu ambako mitumbwi inashusha samaki, huwa anasema "hao wanapima, sisi tunalala njaa." Namuelewa kabisa, ila mi naamini utafiti ziwa linauhitaji kuliko semina na fulana za mradi.

Chukua hii ishu ya dagaa kupungua. Kila mtu ana maelezo yake, nyavu za macho madogo, makokoro, wavuvi wamezidi, majirani wa Kongo na Burundi nao wanavua. Na ukweli upo, kokoro linakokota kule kwenye kina kifupi ambako kuhe wanataga, baba na mama wanalinda watoto wao pamoja, linazoa wote. Lakini kuna upande huwezi kuuona ukiwa umekaa kwenye mtumbwi. Tanganyika ina kina mpaka mita 1,470, duniani inazidiwa na Baikal tu, na maji ya chini huko ni baridi, hayana oksijeni ila yana rutuba iliyozama. Kiangazi upepo wa kusi ndo unayakoroga, rutuba inapanda, mwani wa kijani unaota, vidudu vinaula, dagaa wanakula vidudu, mgebuka anakula dagaa. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi na upepo unashindwa kuyachanganya.

Mwaka 2003 wanasayansi walitoa hesabu kwamba chakula hicho cha mwanzo kabisa, yaani ule mwani, kimepungua kama asilimia 20. Halafu 2016 wengine walichunguza matope ya chini ya ziwa tabaka kwa tabaka, wakakuta samaki walishaanza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi. Yaani mvuvi wa Katonga anabeba lawama yote wakati sehemu yake kubwa ni joto la dunia! Hilo hulijui kwa macho, linajulikana kwa kupima, na kupima miaka na miaka.

TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo hapa Kigoma, ni wa serikali, lakini ziwa hili ni refu mno kwa taasisi moja, ndo maana mashirika yasiyo ya faida yana kazi hapa. Taasisi ya Jane Goodall watu wanaijua kwa sokwe wa Gombe tu, utafiti ulioanza 1960, ila 1994 walianzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji vya jirani, miti ikapandwa, baadae wanakijiji wakawekewa picha za setelaiti wakaonesha wenyewe vilima na mito yao. Na hiyo inaligusa ziwa moja kwa moja, maana kilima kikibaki uchi mvua inashusha tope mpaka kwenye mawe ambako samaki wadogo wa rangi wanakula na kutaga.

Kupima kwenyewe sio uchawi. Mtu anachota dagaa kwenye beseni, anawapanga mmoja mmoja kwenye rula, anaandika urefu, anampasua tumbo kuangalia kama ana mayai. Ziwani wanashusha sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe kwa kamba, pale inapopotea machoni wanasoma kamba, wanajua maji yamechafuka kiasi gani. Kijana yeyote wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, anafundishika hiyo kazi na alipwe kwayo.

Kinachoniuma ni kwamba majibu yanaishia kwenye majarida ya Kiingereza. Serikali ilipofunga ziwa Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, kina mama wanaoanika dagaa ndo walikaa bila mzigo miezi yote ile, na wana haki ya kujua dagaa walikuwa na urefu gani kabla na wakawa na urefu gani baada, kwa namba na kwa Kiswahili. Kwa hiyo shirika lolote linaloomba msaada kwa jina la ziwa letu, kwenye bajeti yenu wekeni nauli ya kurudi mwaloni na majibu, mwenyekiti wa BMU aitishe kikao, wavuvi wawaulize maswali, hata kama kikao kitachukua siku nzima.