Atalala na Nini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juni imeingia na upepo umebadilika. Akina mama wanaodamkia soko la samaki la Mwaloni, hapa kwetu Mwanza, kununua dagaa wameshauona bila kusubiri kutangaziwa. Masika yamekwisha, anga limetakata, vumbi linapanda kila gari linapopita, na ziwa linachafuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaiita miezi hii mitatu, Juni hadi Agosti, msimu wa kipupwe, na kila mwaka hutukumbusha kwamba ndio msimu wa upepo wa kusi.

Upepo huu umetoka mbali. Kuanzia Aprili na Mei, huko Afrika Kusini, ni majira ya majani kupukutika. Hewa baridi kutoka bahari za kusini kabisa mwa dunia huanza kupanda kuelekea kaskazini, awamu kwa awamu. Kila awamu ikifika Rasi ya Tumaini Jema hutanguliza upepo mkali na mvua, kisha baridi ya kukata mifupa, na milima ya Lesotho hupata theluji. Nyuma yake mgandamizo wa hewa huongezeka, na sehemu ya hewa hiyo husukumwa kupitia Mlango-Bahari wa Msumbiji hadi huku kwetu. Ikifika Mwanza imeshapoteza makali yake mengi. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hubaki na uvuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo huku pwani ya ziwa hatuamki tukakuta nyasi zimeganda. Usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 15 hivi. Mtu wa Makete, kule nyanda za juu kusini, akitusikia tunalalamika atatushangaa.

Lakini kuna jambo la huko Makete ambalo limenikaa moyoni wiki hii nzima, na ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe sakitu huanguka huko, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya majani. Mtu angedhani inakuja na upepo mkali. Haiji hivyo. Sakitu huja upepo ukishatulia, usiku usio na wingu. Ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, hewa iliyogusana na udongo inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka kidogo kidogo kutoka miinuko hadi bondeni na kutuama humo. Asubuhi shamba la viazi la bondeni limebabuka, majani yamekuwa meusi, na shamba la jirani aliye juu kidogo kwenye mteremko bado ni kijani.

Baridi ni moja, usiku ni mmoja, wenye mashamba ni majirani. Anayeumia ni aliye chini.

Sasa nitazame mji wetu huu wa miamba. Upepo ule ule unaopita juu ya nyumba yenye madirisha ya vioo na mapazia mazito ndio unaoingia kwenye chumba cha mabati kilichobanwa kati ya mawe huko mlimani, ambako nafasi kati ya ukuta na paa inapitisha mkono. Ndio unaomkuta mlinzi aliyekaa getini tangu saa kumi na mbili jioni, akiwa na shuka moja. Ndio unaompiga kijana wa bodaboda aliyevaa koti mgongo mbele ili kifua kisipigwe, na wavuvi wa dagaa walioko majini usiku wa giza, taa zimewashwa, nguo zimelowa hadi kiunoni. Na wapo watoto wanaolala kwenye mabaraza ya maduka katikati ya mji. Hao baridi huwatuamia kama inavyotuama bondeni.

Zaburi ya 147 inamsifu Mungu kwa theluji, kwa barafu, kwa upepo wake unaovuma hata maji yakatiririka, na inauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Naipenda Zaburi hiyo, na ninaamini kila neno. Baridi ni ya Bwana. Wala simwambii mtu yeyote kwamba kipupwe ni adhabu au ni kazi ya adui. Ni msimu, umeamriwa, na unasaidia hata kukausha mazao na samaki wetu. Ila mimi naona kwamba Mungu huyo huyo anayeituma baridi ndiye aliyetoa sheria kuhusu shuka la maskini, na sheria hiyo hatuihubiri vya kutosha.

Fungua Kutoka 22, mstari wa 26 na wa 27. Bwana anasema ukichukua vazi la mwenzako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa. Kisha anatoa sababu, na sababu yenyewe ni ya kitandani kabisa: hilo ndilo la kujifunika, hana jingine, sasa alale na nini? Mungu Mwenyezi, aliyeshuka Sinai kwa moto na ngurumo, anauliza swali ambalo mama huuliza jioni akihesabu watoto na mashuka. Na anaongeza kwamba mtu huyo akimlilia, atamsikia, kwa kuwa yeye ni mwenye rehema. Maana yake kilio cha mtu anayetetemeka usiku kwa sababu shuka lake liko nyumbani kwa mdai kinafika mbele za Mungu, na kinafika na jina la mdai.

Kumbukumbu la Torati 24 inakwenda mbali zaidi. Ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani kwake kutwaa rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akutolee. Usichukue jiwe la kusagia, maana umechukua uhai wake. Usichukue vazi la mjane. Mdai anaruhusiwa kudai. Biblia haisemi deni lisilipwe. Lakini kuna mlango ambao hapaswi kuuvuka, na kuna kitu ambacho hapaswi kulala nacho yeye wakati mwenye nacho analala bila.

Wapendwa, mnajua ninakoelekea. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imeingia mitaani kwetu na imeingia makanisani kwetu. Mama anachukua mtaji wa kununulia dagaa, mvua inamharibia mzigo usikauke, marejesho ya wiki yanamshinda, na wanakuja watu kwenye pikipiki na mkokoteni. Wanaingia ndani. Wanabeba godoro, wanabeba jiko, wanabeba mpaka blanketi. Watoto wamesimama pembeni wanatazama. Hili si jambo la kusimuliwa, wengi wetu tumelishuhudia kwa jirani. Na nasema kwa huzuni, lakini ni lazima niliseme: wako wanaokopesha kwa namna hiyo ambao Jumapili tunaimba nao. Ndugu yangu, dada yangu, kama una godoro la mtu kwenye stoo yako msimu huu, neno la Bwana kwako halihitaji mhubiri mkubwa wala mkutano wa hadhara. Lirudishe leo, jua halijachwa. Deni mtalizungumza kesho mchana, watu wazima mkiwa mmekaa.

Wale tulio kwenye vikoba vya kanisa, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, nasi tujiangalie. Tuliunda vikundi ili tusaidiane, na katiba nyingi za vikundi zinataja faini ya kuchelewa kwa undani kuliko zinavyotaja mfuko wa jamii. Viongozi wa vikundi wakae waliangalie hilo kabla ya Agosti.

Yakobo naye alikutana na waamini waliokuwa na maneno mazuri. Ndugu yuko uchi, hana chakula cha kutwa, na mmoja anamwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa kitu. Angalia kwamba Yakobo hakusema mtu huyo alikuwa na nia mbaya. Huenda alisema kwa upole, huenda hata alimshika mkono. Sisi ni watu wa "pole sana" na "tutakuombea", na ni desturi njema, msiiache. Lakini Yakobo anauliza yafaa nini. Moto anaoambiwa akaote uko wapi? Mkaa ameununua nani?

Nikifika hapo huwa nawakumbuka watu wa Malta, wasio Wakristo, ambao hawakuwa wamesoma Yakobo wala Kutoka. Paulo na wenzake walisafiri baharini majira mabaya; Luka anasema katika Matendo ya Mitume kwamba siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita, yaani majira ya kupukutika kwa majani yalikuwa yameanza na bahari haikuaminika tena. Upepo wa kusini ulivuma kidogo, wakadhani mambo ni mazuri, wakang'oa nanga. Wavuvi wetu wanaijua hadithi hiyo vizuri. Upepo ukageuka, meli ikavunjika, na watu 276 wakafika pwani wameloa. Wenyeji wakawasha moto na kuwakaribisha wote, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya baridi. Wote, pamoja na wafungwa. Hawakuuliza nani ana kosa gani kabla ya kuongeza kuni.

Na Paulo huyo huyo, miaka baadaye, yuko kifungoni Rumi, anamwandikia Timotheo barua ambayo ni kama wosia. Ameshasema amevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo ameumaliza. Halafu anaomba koti. Lile joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, Timotheo akija alilete. Na chini kidogo anasema ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Zamani zile vyombo vilikuwa haviendi baharini miezi ya baridi kwa sababu ya upepo, hivyo Timotheo akichelewa kuondoka, joho lingefika baridi ikiwa imekwisha. Mtume mkuu hakuona haya kusema nasikia baridi. Nadhani wapo wazee na wajane wetu wanaoona haya, na wanahitaji tuwaendee kabla hawajasema.

Kwa hiyo nawasihi mambo ya wiki hii. Soko la Mlango Mmoja lina masweta na makoti ya mtumba kwa bei ambayo wengi wetu tunaimudu. Nunua moja la mtu unayemjua kwa jina, mlinzi wa mtaani kwenu au mtoto unayepishana naye kila siku, umpelekee mwenyewe, ukae naye kidogo. Blanketi lililokunjwa juu ya kabati tangu harusi, litoke. Watoto wadogo wenye kikohozi na kupumua kwa shida wapelekwe zahanati mapema, msingoje kuona kama kitapoa chenyewe. Maombi na zahanati havigombani. Tena nawaomba sana, waambieni majirani wasiingize jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango na kulala. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na inaua familia nzima usingizini. Anayefanya hivyo mara nyingi ni yule asiye na blanketi la kutosha, kwa hiyo ukimkataza, mpelekee na la kujifunika.

Bwana, wewe unayetuma upepo, usituache tukiwa tumefunikwa na kushiba huku ndugu zetu wanatetemeka. Waguse wanaoshika mali za maskini usiku huu, wazirudishe. Wafunike walioko ziwani, walioko malindoni, walioko mabarazani. Tupe macho ya kuona walio chini. Kwa jina la Yesu, amina.

Jumatano kwenye ibada za nyumba kwa nyumba tusome Kutoka 22:21 hadi 27, Kumbukumbu la Torati 24:10 hadi 17 na Yakobo 2:14 hadi 17. Kila nyumba ije na jina la mtu mmoja anayelala bila kitu cha kujifunika, na kabla ya kufunga ibada tukubaliane nani anakwenda kwake, na siku gani.