Siku yangu moja kama daktari wa paka wenye "tabia mbaya"

Kwa vyeti mimi ni daktari wa mifugo. Nilisoma Sokoine, pale Morogoro, miaka mitano. Nimeingiza mkono kwenye ng'ombe mpaka begani na nimekimbizwa na nguruwe jike aliyezaa. Kisha nikahamia Dar es Salaam, na sasa wagonjwa wangu wengi wana kilo nne. Mtaani naitwa dada wa paka. Wengi wanaonipigia hawasemi paka anaumwa. Wanasema ana kiburi, ana kisirani, ameharibika, au kuna mtu kamtuma. Hii ni Jumamosi yangu moja.

Saa 12 asubuhi

Nimepata kiti kwenye mwendokasi kutoka Kimara, kwa hiyo natoa simu na kusikiliza ujumbe wa sauti ulioingia usiku. Wa kwanza unatoka kwa mama mmoja wa Magomeni, sauti ya mtu aliyeamka kwa ajili ya alfajiri na kukuta balaa: "Daktari, huyu paka amekojolea mswala wa mama yangu. Tena si mara moja. Mama anasema atolewe nyumbani leo leo."

Namjibu kwa swali ninalowauliza wote, na abiria wa jirani ananigeukia: "Alikuwa amesimama au amechuchumaa?"

Swali linachekesha lakini ndilo linalopasua njia mbili. Paka anayeweka alama husimama, hugeuzia ukuta au pazia mgongo, mkia juu unatetemeka, kisha anarusha kidogo. Huyo anatangaza mipaka. Aliyechuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni ana shida ya choo: ama hakipendi alichowekewa, ama anaumwa. Dawa ya mmoja haimsaidii mwingine hata kidogo.

Mama anajibu tukiwa tumefika Ubungo. Amechuchumaa. Namwambia nitapita saa nane.

Saa 2 asubuhi, kliniki Kinondoni

Asubuhi ni za kuhasi. Leo kuna madume wawili, wote wamelala njaa tangu jana usiku kama tulivyoagiza. Mmoja kaletwa na kijana wa kazi za benki ambaye spika zake, viatu vyake na mlango wake wa mbele vyote vimerushiwa mkojo. Anakubali upasuaji ufanyike, ila uso unasema vingine.

"Daktari, si tunamnyima haki yake?"

Wanaume huniuliza hivi huku wamebana magoti. Nawaeleza kwamba madume tisa kati ya kumi hupunguza sana au huacha kabisa kurusha mkojo baada ya kuhasiwa, ingawa homoni hazitoki mwilini siku hiyohiyo, hivyo avumilie wiki kadhaa. Tena dume asiyehasiwa hutoroka usiku, akapigana na shume wa mtaani, akarudi na jipu usoni. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kumshika paka mpaka dawa ya usingizi imwingie ndiyo inayotutoa jasho.

Saa 4 asubuhi

Hapa siku inabadilika. Anaingia kaka mmoja kutoka Sinza na kiroba kilichotobolewa matundu, ndani kuna dume la rangi ya machungwa. "Huyu siku hizi ana kiburi. Nikimwekea mchanga anachuchumaa pale robo saa, hakojoi. Anahamia kwenye beseni la vyombo. Anahamia bafuni. Jana nimempiga kandambili, akanililia tu."

Sikai hata kusikiliza mpaka mwisho. Naweka mkono tumboni kwa paka, na kibofu ni kigumu kama chungwa bichi. Huyu amefunga mkojo.

Ningependa kila mwenye paka dume aijue hali hii. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno. Vijiwe, chenga za chumvichumvi au ute ukiuziba, mkojo unarudi nyuma, figo zinasimama, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unashindwa. Paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, na mwenye paka nyumbani anaona "tabia mbaya": anakojoa ovyo, anajilamba sehemu za siri, analia akiingia chooni. Dume anayechuchumaa bila kutoa kitu hasubiriwi hadi kesho.

Tunamlaza kwa dawa, tunapitisha mpira mwembamba wa mkojo, tunaweka dripu. Mkojo unatoka mwekundu. Kaka amesimama mlangoni, kandambili zilezile miguuni, haongei. Kisha anatoa mfukoni nusu ya panadoli. Alikuwa ameikata jana usiku ampe kwa ajili ya maumivu, usingizi ukampitia.

Usingizi ule uliokoa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja panadoli kama letu. Sumu inayobaki inaharibu damu isibebe hewa, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Namwambia, kidonge cha binadamu kisiguse paka bila kuuliza. Mengine tunaongea baadaye: paka huyu anakula punje kavu tu toka alipotoka kunyonya, na bakuli la maji ni moja, liko jikoni karibu na jiko. Paka wana asili ya paka pori wa maeneo ya ukame, kiu yao ni ndogo. Chakula chenye majimaji na mabakuli ya maji sehemu mbalimbali za nyumba vitasaidia asirudi hapa. Analala kliniki, msaidizi wangu wa zamu atamwangalia.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, nimesimama. Napanda bajaji.

Saa 8 mchana, Magomeni

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mshtakiwa yuko pale juu ya kabati."

Mshtakiwa ni jike jeupe lenye doa kichwani, limetulia, halina dalili ya kuumwa. Naomba nionyeshwe choo chake kabla ya mswala. Wananipeleka ua wa nyuma, kwenye stoo. Beseni ni zuri, jipya, lina kifuniko kama kibanda, na ndani kuna punje za dukani zinazonukia maua. Mjukuu kanunua mwezi uliopita, kwa nia njema kabisa, maana mchanga wa zamani ulikuwa unaleta vumbi. Na mlango wa stoo hufungwa kila usiku kwa kuogopa wezi.

Basi kesi imekwisha hata kabla ya kumwona mshtakiwa karibu. Choo kinanuka manukato, na pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi. Kibanda kimefungwa, anaingia asione anayekuja. Usiku mlango umefungwa. Ndani kuna kitu laini, kimetandazwa sakafuni, mahali tulivu. Ukifikiri kama paka, ule mswala ndio uliokuwa choo bora kuliko vyote nyumbani.

Cha pili kinachonisumbua ni jiki. Binti amekuwa akisugua pale kila siku kwa jiki mpaka macho yanamwasha. Jiki ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma mapafu, na harufu yenyewe haimzuii paka kurudi. Nawaagiza waloweke mswala kwa unga wa kufulia wenye vimeng'enya, maana ndivyo vinavyovunja mabaki ya mkojo, kisha wausuuze vizuri na kuuanika juani. Baada ya kila swala ukunjwe, uwekwe juu. Kibanda kiondolewe kifuniko, mchanga wa zamani urudi, na beseni la pili liwekwe koridoni ambako hakufungwi. Uchafu uchotwe kila siku. Ukubwa wa beseni ni mara moja na nusu ya urefu wa paka, au zaidi. Vibeseni vidogo vya dukani ni vya watoto wa paka.

Bibi amenisikiliza kimya. Kisha ananiuliza kama nafikiri ni sawa kumweka mnyama aliyenajisi mahali pa ibada. Namwambia hapo mimi ni mwanafunzi wake, kazi yangu inaishia kwenye beseni. Anacheka, halafu anajijibu mwenyewe: mkojo ni najisi na huoshwa, lakini paka si najisi, na Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. "Ila mimi sikumwinamishia mswala," anasema. Paka atabaki. Mjukuu anakwenda kutafuta mchanga.

Nikiwa natoka, binti ananinong'oneza kama wamfundishe kwa kumsugulia pua kwenye mkojo. Hapana. Paka hataunganisha adhabu na alichofanya asubuhi. Ataunganisha na wewe. Atajifunza kukojoa usipokuwepo, na mara nyingi nyuma ya kabati.

Saa 10 jioni, Upanga

Ghorofa ya nne, wanandoa wachanga, sofa mpya kutoka Keko iliyochanika mkono mmoja kama imepitiwa na wembe. Wana chupa ya maji ya kumrushia paka. Namwona paka anavyoitazama ile chupa: haogopi sofa, anamwogopa mwenye chupa.

Paka akikwaruza anajinyoosha, anavua ganda la nje la kucha, na kuacha harufu inayotoka katikati ya vidole vyake. Hutaweza kumkataza. Unampa tu pa kufanyia. Nawaambia wamwite fundi seremala, achukue nguzo, aivike kamba ya mkonge kuanzia chini hadi juu, urefu wa sentimeta 80 au 90 ili paka ajinyooshe mwili wote, na kitako kizito isiyumbe. Nguzo ikiyumba mara moja ataisusa. Iwekwe ubavuni mwa sofa, palepale anapokwaruza, siyo kwenye kona ya balkoni wanakotaka isionekane. Sofa ifunikwe shuka nene kwa muda.

Huwa nafurahia kuagiza mkonge. Ulifika pwani yetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai, ikapandwa upande wa Pangani, mpaka ukawa zao lililoijenga Tanga. Kumbe watu wa Upanga wanaagiza nguzo hizohizo kutoka ng'ambo kwa bei ya kuumiza.

Mume ana alama za meno viganjani. Anacheza na paka kwa vidole, wakati paka huyo alitenganishwa na mama yake akiwa mdogo mno, hakupata nduguze wa kumwonyesha kwamba kung'ata kunaumiza. Kuanzia leo ni kijiti chenye kamba na unyoya. Aking'ata mkono, mchezo unakufa hapohapo, bila kelele wala kofi.

Saa 1 usiku

Nyumbani. Miguu juu, simu inaendelea.

Wa Kigamboni: paka wa mtaani, ambaye siku zote hukimbia watu, leo amemjia mtoto na kumng'ata bila sababu. Huyu namjibu kabla ya wote. Oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali usiku huuhuu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa, lakini paka pia huwa nacho, na dalili zikishamtokea mtu hakuna tiba. Nampigia mpaka anasema wako kwenye bodaboda.

Wa Kimara: paka anamwamsha saa kumi alfajiri. Paka kwa maumbile ni mwindaji wa alfajiri na magharibi. Acheze naye mpaka achoke saa tatu usiku, kisha ampe mlo mkubwa wa siku. Na asiamke kumlisha anapolia, hata usiku mmoja, maana huo mmoja ndio atakaoukumbuka.

Msaidizi ananiandikia kutoka kliniki: yule wa Sinza mkojo unaendelea kutoka, rangi imeanza kung'aa, amekula samaki kidogo.

Wa mwisho ni dada wa Tabata. Jike lake linalia usiku kucha, linajibiringisha, linainua kiuno, na majirani wameshasema ni mchawi. Yuko kwenye joto, yaani anatafuta dume. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haufupiki sana mwaka mzima, kwa hiyo majike hawapumziki kama wa nchi za baridi. Asipopandwa joto linarudi baada ya wiki chache, akipandwa ni watoto baada ya miezi miwili. Namwandikia asimmwagie maji, afunge madirisha hadi joto lipite, kisha amlete tumtoe kizazi. Wiki mbili zijazo, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Chakula cha mwisho Ijumaa saa nne usiku, maji anaruhusiwa.